Mtoto Asiyekuwapo Kwenye Matanga Naye ni Mrithi

Matanga yakisha kuondolewa na mikeka kukunjwa, ndugu wa marehemu hubaki na kikao kimoja cha mwisho. Humo hutajwa nyumba, shamba, fedha zilizoko benki, mafao ya kazini, cherehani na hata godoro. Hutajwa pia majina ya warithi, na hapo ndipo dhuluma nyingi za mirathi huanzia, kwa sababu majina yanayotajwa aghalabu ni ya wale waliopo. Mtoto aliye mbali, mtoto aliyekosana na baba yake, mtoto ambaye mama yake hakuolewa, hao hawana wa kuwasemea. Kikao kikiisha, mali nayo imekwisha.

Wengi wetu tunaamini kwamba kikao cha ukoo kina mamlaka ya kuamua nani arithi na nani asirithi. Tunaamini pia kwamba neno la hasira la mzazi, likisha kutamkwa mbele ya wazee, limemkata mtoto moja kwa moja. Imani zote mbili zinahitaji kupimwa, kwani zimewatoa watu wengi katika nyumba walizokuwa na haki nazo, nao wakaondoka bila kuuliza swali.

Makala hii inazungumzia watoto wa namna mbili: aliyenyimwa urithi kwa makusudi, na aliyeachwa kwa kuwa hakutafutwa. Sheria tutakazozitaja ni za Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya mtoto na mahakama zake za kadhi, ingawa misingi ya mirathi ya Kiislamu ni ile ile pande zote mbili.

FAMILIA YA MFANO

Ili mambo yaeleweke vema, tuchukue familia moja ya kubuni. Tuseme kuna mzee mstaafu wa reli. Alianza kazi siku za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 akaendelea na Shirika la Reli Tanzania. Kama ilivyo kwa watumishi wengi wa reli, alihamishwa kutoka kituo hadi kituo. Alipokuwa Tabora alioa mke wa kwanza kwa taratibu zote, wakapata binti mmoja, kisha wakaachana.

Alipohamia Dar es Salaam alioa tena, akajenga nyumba ya vyumba sita Temeke, akapata watoto wanne. Mtoto wa kwanza wa kiume na binti mmoja wanaishi na mama yao katika nyumba hiyo. Binti wa pili aliolewa na mtu ambaye baba hakumtaka, na baba akatamka mbele ya wazee: "Huyu si mwanangu tena." Kijana wa mwisho alikwenda Afrika Kusini kutafuta maisha, na kwa miaka sita hakuna barua wala simu. Mwishowe, katika uzee wake, mzee huyu alipata mtoto wa kiume mjini Morogoro na mwanamke ambaye hakumwoa. Mtoto huyo ana umri wa miaka 14, na baba alikuwa akimlipia mahitaji ya shule kimya kimya.

Mzee amefariki. Kwenye kikao wapo mjane, mtoto wa kwanza na binti aliye nyumbani. Je, warithi ni hao watatu tu?

SHERIA IPI ITUMIKE?

Swali la kwanza ni sheria ipi inamhusu marehemu. Nchini kwetu mirathi huweza kufuata njia tatu: sheria za mila, sheria ya Kiislamu, au sheria ya serikali iliyotokana na Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo mkoloni aliileta na ambayo bado inatumika.

Kabila la mtu peke yake halitoshi kuamua njia. Mahakama huangalia maisha aliyoyaishi na nia aliyoionyesha. Mwaka 1969 Mahakama Kuu iliamua shauri la mirathi ya Mngoni mmoja aliyeoa mke Mchagga na kuishi maisha ya mjini, mbali na taratibu za kwao. Mahakama iliona kwamba marehemu alikwisha kuacha maisha ya kimila, na kwa hiyo mirathi yake ifuate sheria ya serikali. Wafanyakazi wa mijini yafaa walikumbuke shauri hilo. Mtu aliyefanya kazi mjini miaka 40 huweza kudhani kwamba kijijini ndiko yatakakoamuliwa mambo yake, kumbe maisha yake yamekwisha kuamua vingine.

Tofauti hii inagusa mifuko ya watu. Tuseme nyumba ya Temeke, madeni yote yakisha kulipwa, ina thamani ya shilingi 90,000,000. Tumweke kando kwanza mtoto wa Morogoro, ambaye tutamrudia. Chini ya sheria ya serikali, kama hakuna wosia, mjane hupata theluthi, yaani 30,000,000. Zinazobaki 60,000,000 hugawanywa sawa kwa watoto, wa kiume kwa wa kike. Kwa watoto watano kila mmoja atapata 12,000,000. Lakini wale wawili waliopo nyumbani wakijihesabu peke yao, kila mmoja atachukua 30,000,000. Maana yake ni kwamba kila mmoja ameshika shilingi 18,000,000 za ndugu zake.

Chini ya sheria ya Kiislamu, mjane mwenye watoto wa marehemu hupata thumuni, yaani 11,250,000. Zinazobaki hugawanywa kwa kanuni ya mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Kwa wana wawili na mabinti watatu hupatikana mafungu saba: kila binti 11,250,000 na kila mwana 22,500,000. Binti wa Tabora yumo katika hesabu hiyo sawasawa na mabinti wa Temeke. Talaka ilimtoa mama yake katika urithi wa mzee, mtoto haikumtoa.

Kwa upande wa mila, serikali ilitangaza mwaka 1963 sheria za urithi na wosia kwa makabila yanayofuata ukoo wa kiumeni. Sheria hizo ziliwapanga warithi katika madaraja: mtoto wa kwanza wa kiume daraja la kwanza, wana wengine la pili, na mabinti la tatu. Mpango huo umelaumiwa kwa muda mrefu. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu mjini Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua shauri la binti wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia, kisha akaliuza. Mpwa wake alidai kwamba mwanamke hana haki ya kuuza ardhi ya ukoo. Jaji alikataa hoja hiyo, akisema ubaguzi huo haupatani na haki za binadamu zilizomo katika Katiba. Hata hivyo, daraja la tatu si sawa na kutokuwamo kabisa. Hata katika sheria ya mila iliyoandikwa, binti ni mrithi.

NENO LA HASIRA HALITOSHI

Sasa tumwangalie binti aliyekataliwa mbele ya wazee. Watu wengi wangesema mambo yake yamekwisha. Sheria haisemi hivyo.

Chini ya sheria za mila za mwaka 1963, mzazi anaweza kumnyima mrithi kwa wosia, lakini kwa sababu zinazojulikana. Miongoni mwa sababu hizo ni mrithi kuzini na mke wa mwenye wosia. Kujaribu kumwua, kumshambulia au kumdhuru vibaya. Na kukataa, bila sababu ya haki, kumtunza wakati wa njaa au maradhi. Kuolewa na mtu ambaye baba hakumpenda hakumo katika sababu hizo. Zaidi ya hayo, sababu lazima itajwe waziwazi, na mrithi apewe nafasi ya kujitetea mbele ya mwenye wosia au mbele ya baraza la ukoo. Wosia unaomnyima mrithi pasipo sababu huweza kubatilishwa, na mali ikagawanywa kana kwamba wosia haukuwapo.

Wosia wenyewe una taratibu zake. Ule wa mdomo huhitaji mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Neno lililotamkwa katika ugomvi, huku wengine wakipiga kelele na wengine wakitoka nje, haliwi wosia kwa sababu tu wazee walilisikia.

Chini ya sheria ya Kiislamu jambo hili ni wazi zaidi. Mafungu ya warithi yamekwisha kuwekwa, na mzazi hana uwezo wa kumfuta mwanawe kwa hasira. Wasia hauzidi theluthi ya mali, wala haumwongezei mrithi mmoja fungu isipokuwa warithi wengine wakiridhia. Anayezuiwa kurithi ni kama yule aliyemwua marehemu, au aliye katika dini nyingine.

Chini ya sheria ya serikali mambo ni magumu kwa mtoto mtu mzima, na ni vema tuseme kweli. Sheria hiyo ilimpa mwenye mali uhuru mkubwa wa kuusia apendavyo. Baba akiandika wosia halali na kumwacha binti yake mwenye umri wa miaka 35, binti huyo atakuwa na njia nyembamba: kuthibitisha kwamba wosia ni wa kughushi, au kwamba mzee hakuwa na akili timamu alipouandika, au kwamba alishurutishwa. Lakini mzee wetu wa reli hakuandika chochote. Aliongea tu. Kwa hiyo katika njia zote tatu binti yake bado ni mrithi, na ndugu zake hawana ruhusa ya kujifanya hawamwoni.

MTOTO WA MOROGORO

Tumrudie sasa mtoto wa miaka 14. Zamani mtoto kama huyu aliitwa kwa majina ya aibu, na sheria za mila za mwaka 1963 zilimnyima kurithi upande wa kiumeni isipokuwa amehalalishwa. Kosa, kama lilikuwapo, lilikuwa la watu wazima wawili. Adhabu akapewa ambaye hakuwapo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilileta mabadiliko makubwa. Inamtambua mtoto kuwa mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, inakataza asibaguliwe, na inasema kwamba mtu yeyote asimnyime mtoto matumizi ya haki ya mali ya mzazi wake aliyefariki. Maneno hayo hayakutenga mtoto wa ndani ya ndoa na wa nje ya ndoa.

Hata hivyo, lazima ithibitike kwamba marehemu ndiye baba. Mtoto mwenyewe, mama yake, mlezi wake au afisa ustawi wa jamii anaweza kuiomba mahakama ithibitishe uzazi. Mahakama huangalia kama jina la baba limeandikwa katika daftari la vizazi, kama baba alifanya sherehe ya kimila ya kumpokea mtoto, kama alimkiri hadharani, na pia matokeo ya uchunguzi wa vinasaba, ambao hufanywa na maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Risiti za shule, stakabadhi za fedha alizotuma baba, kadi ya kliniki na picha huweza kusaidia kuonyesha kwamba baba hakumficha mtoto wake kama walivyodhani watu wa Temeke.

Hapa kuna muda wa kuzingatiwa sana. Ombi hilo hupelekwa mahakamani ndani ya miaka mitatu tangu mzazi kufariki, au kabla mtoto hajatimiza miaka 18. Aliyekwisha kupita umri huo huhitaji ruhusa maalumu ya mahakama. Mama anayesema "ngoja akue atadai mwenyewe" huenda anamfungia mwanawe mlango kwa mkono wake.

Kwa familia za Kiislamu, fikihi humpa mtoto wa nje ya ndoa urithi kwa mama yake, na kwa baba haimpi fungu. Lakini kwa kuwa hana fungu, baba anaweza kumwachia kwa wasia, mradi isizidi theluthi, au kumpa hiba angali hai na kumkabidhi. Baba mwenye kujali hutumia mlango huo mapema. Asipoutumia, mama wa mtoto asikubali jibu la barazani. Alipeleke jambo lake mahakamani, lisikilizwe pamoja na Sheria ya Mtoto.

MSIMAMIZI HAKUPEWA MALI

Chanzo kikubwa cha dhuluma ni kutoelewa cheo cha msimamizi wa mirathi. Ndugu humchagua mmoja wao, mahakama humthibitisha, naye hurudi nyumbani akidhani amerithi. Sivyo. Msimamizi ni mtumishi wa warithi chini ya macho ya mahakama. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa gharama za mazishi na madeni, kuwatambua warithi, kuwagawia haki zao, na kutoa hesabu.

Mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu huweza kufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo. Ile inayofuata sheria ya serikali hufunguliwa katika mahakama za juu yake. Katika Mahakama ya Mwanzo msimamizi hutakiwa kupeleka orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, na baadaye hesabu za ugawaji. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, inayotumika mahakama za juu, orodha hupelekwa ndani ya miezi sita, na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Mahakama inaweza kuongeza muda ikiombwa.

Muhtasari wa kikao cha ukoo husaidia mahakama kujua kama ndugu wanakubaliana juu ya msimamizi. Muhtasari huo hauna nguvu ya kumfuta mrithi. Kadhalika, kuandikwa jina katika fomu ya kazini kama ndugu wa karibu hakumfanyi mtu kuwa mrithi pekee. Na mafao ya wategemezi katika mifuko ya hifadhi ya jamii yana kanuni zake yenyewe. Mjane na watoto wadogo waende kwenye mfuko wakaulize, wasingoje kuletewa habari na shemeji.

KUWATAFUTA WARITHI NI WAJIBU

Anayeomba usimamizi chini ya sheria hiyo ya mirathi hutakiwa kutaja katika ombi lake familia na ndugu wa marehemu pamoja na mahali wanapoishi. Si hiari yake kuwataja awapendao. Akimficha mtoto anayemjua, amesema uongo mbele ya mahakama, na uteuzi wake unaweza kufutwa kwa sababu hiyo.

Kabla msimamizi hajathibitishwa, hutolewa tangazo la mirathi. Katika Mahakama ya Mwanzo hubandikwa mahakamani na mahali alipokuwa akiishi marehemu. Mahakama nyingine huagiza litolewe gazetini. Lakini karatasi iliyobandikwa Temeke haisomwi Tabora. Msimamizi mwaminifu hufanya zaidi ya kubandika.

Aanze na karatasi za marehemu: barua za zamani, picha zilizoandikwa nyuma, vitambulisho, stakabadhi za kutuma fedha. Kisha aende alikofanya kazi marehemu, kwani jalada la mtumishi huwa na fomu za likizo, za matibabu na za wategemezi, na huko majina ya watoto huandikwa kwa mkono wa baba mwenyewe. Kama marehemu alikuwa Mkristo, daftari la ubatizo la parokia huweza kuonyesha mtoto na wazazi wake. Shule za msingi huwa na madaftari ya uandikishaji. Msikitini na mtaani wapo wazee wanaokumbuka ndoa iliyofungwa na talaka iliyotoka. Daftari la rambirambi nalo lisomwe vizuri: mtu asiyejulikana na ukoo, aliyetuma mchango mkubwa kutoka Tabora, huenda ana sababu yake.

Zamani watu walitegemea matangazo ya vifo ya Radio Tanzania, ambapo nchi nzima ilisikia marehemu ni nani, na habari ziwafikie akina nani, wa wapi. Redio za mikoa bado zinafanya kazi hiyo, na siku hizi simu za mkononi hufikisha habari kwa haraka zaidi. Msimamizi awaandikie pia viongozi wa mitaa na vijiji ambako marehemu aliishi. Kila hatua aiweke katika daftari pamoja na tarehe, aweze kuionyesha mahakama. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na warithi pia ni vivyo hivyo.

Na kijana wa Afrika Kusini? Fungu lake liwekwe kando. Sheria za Tanzania humruhusu hakimu kuchukulia kwamba mtu amekufa iwapo kwa miaka mitano hajasikika na wale ambao kwa kawaida wangesikia habari zake. Lakini uamuzi huo ni wa mahakama, baada ya kupokea ushahidi. Ndugu hawawezi kumzika kwa midomo ili wagawane fungu lake. Aidha iulizwe kama ameacha watoto huko. Ikithibitika kwamba alikufa baada ya baba yake, haki yake ilikwisha kuwa yake, nayo itakwenda kwa warithi wake mwenyewe. Ikiwa alitangulia kufa, jibu hutegemea sheria inayotumika: sheria ya serikali huwapa wajukuu nafasi ya mzazi wao, na sheria ya Kiislamu huwazuia ikiwa marehemu ameacha mwana aliye hai. Kwa hiyo tarehe ya kifo ina maana kubwa kuliko watu wanavyofikiri.

ALIYEACHWA AFANYE NINI?

Kwanza, asikae kimya. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na malalamiko yanayosemwa jikoni hayazuii nyumba kuuzwa. Aende kwenye mahakama zilizo karibu na alipoishi marehemu, aulize kama mirathi imefunguliwa, kwa namba gani na kwa jina la nani.

Kama msimamizi hajateuliwa, aweke pingamizi. Katika mahakama za juu ya Mahakama ya Mwanzo anaweza kuweka ilani ya zuio, ambayo hudumu miezi minne, ili asithibitishwe mtu bila yeye kuitwa. Kupinga hakumaanishi lazima kumkataa msimamizi; mara nyingine yatosha kuhakikisha kwamba jina lake limeingizwa katika orodha.

Kama msimamizi amekwisha kuteuliwa, aiombe mahakama imwagize alete orodha na hesabu. Akiwa alipata uteuzi kwa udanganyifu, au kwa kuficha jambo kubwa, au amekataa kwa makusudi kutoa hesabu, uteuzi huo huweza kufutwa na mwingine akawekwa. Msimamizi aliyetapanya mali huweza kulazimishwa kulipa hasara kutoka mfukoni mwake. Ikiwa ni nyumba au kiwanja kilichosajiliwa, anayedai haki anaweza kuomba zuio kwa Msajili wa Hati, ili kisihamishwe kabla shauri halijaamuliwa. Na muda usipuuzwe: madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12.

Aende na vyeti alivyo navyo, akiwa na cheti cha kuzaliwa ni bora zaidi, pamoja na mashahidi wawili au watatu waliomjua akiwa na baba yake. Asiyejua aanzie wapi anaweza kuuliza kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, kwa wasaidizi wa sheria, au kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, unaojulikana kama RITA. Wakala huo ndio ulioshika kazi za Kabidhi Wasii Mkuu tangu mwaka 2006. Huandikisha vizazi na vifo, hutunza wosia, na huweza kusimamia mirathi ambayo ndugu wameshindwa kuelewana.

KWA WAZAZI

Yote tuliyoyaeleza yangekuwa mepesi kama wazazi wangefanya jambo moja wakiwa hai: kuwataja watoto wao. Mzee wetu wa reli alimsomesha mtoto wa Morogoro, kwa hiyo hakuwa mtu mbaya. Lakini aliona haya kumtaja, na haya yake ikawa mzigo wa mtoto. Alimkasirikia binti yake, na huenda hasira ilikwisha kumtoka, lakini hakumwita arudi. Tabora hakurudi kamwe, wala hakuwaambia watoto wa Temeke kwamba wana dada.

Baba au mama mwenye hekima huchukua daftari na kuandika majina ya watoto wake wote, tarehe na mahali walipozaliwa, majina ya mama zao au baba zao, na mahali wanapopatikana. Kisha huwakutanisha. Watoto waliokula pamoja sahani moja, hata kwa sikukuu moja tu kwa mwaka, ni vigumu kukanana mbele ya hakimu. Wosia nao uandikwe kwa taratibu za sheria inayomhusu, ushuhudiwe, na nakala ikabidhiwe mahali salama.

Kuna wanaoogopa kwamba kuandika wosia ni kujiitia kifo. Kifo hakiitwi, wala hakingoji kuitwa. Kinachongoja ni nyumba yenye vyumba sita, watoto sita, na mjane mmoja ambaye hajui wangapi watabisha hodi. Msimamizi akiwatafuta wote kabla ya kugawa, mjane huyo atapokea fungu lake na kulala bila hofu ya wito wa mahakama. Akiwaacha, kila shilingi iliyogawanywa itakuwa na mdai wake, na mdai huyo ni ndugu wa damu.